Basi Kubwa Tu

Nyumbani, Radi FC ya Nyahanga walikuwa radi kweli. Timu zilizokuja Kahama kucheza nao ziliondoka na mabao manne, matano, na moja ilipigwa saba mpaka kocha wao akaomba maji ya kunawa uso. Lakini ugenini, jamani! Ugenini radi ile haikutoa hata ngurumo. Walikwenda Isaka wakapata suluhu. Wakaenda Tinde wakapata suluhu. Wakaenda Salawe, na huko angalau bao lilipatikana, ila alilifunga beki wao wenyewe, kwa kichwa, kwenye goli lao wenyewe, kwa ufundi ambao hakuna mshambuliaji wa Radi aliyewahi kuuonyesha nje ya Nyahanga.

Mwalimu Felician, kocha wa timu, alikuwa na maelezo. Alikuwa na maelezo ya kila kitu, maana siku za kazi alifundisha hisabati darasa la sita. Nyumbani, alisema, uwanja ni mpana na wageni wanakuja na matumaini, kwa hiyo wanaacha nafasi. Ugenini wenyeji hawana matumaini yoyote na hawaoni aibu. Wanarudi nyuma wote kumi, wanasimama mbele ya goli lao bega kwa bega, kipa akidaka mpira anaulalia mpaka refa amwamshe, na dakika tisini zinakwisha hivyo. Watu wa mpira wanauita mchezo huo kupaki basi. Ni msemo tu: timu imejaa mlangoni kwake kama basi lililoegeshwa, na huna pa kupita.

Maelezo yalikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba kamati ilikuwa imeyasikia mara mbili, na mara ya tatu, baada ya Salawe, iliitisha kikao Jumapili mchana chenye ajenda tatu. Ya kwanza kufungua kikao, ya pili taarifa ya kocha, ya tatu "mustakabali wa kocha". Kila mtu alijua maana ya mustakabali. Mustakabali alikuwa amekaa dawati la mbele, amevaa fulana mpya, jina lake Edson. Huyu Edson alikuwa kocha msaidizi, aliyekwenda kozi ya wiki mbili Mwanza akarudi na filimbi mbili na cheti kilichowekewa plastiki kisilowe mvua.

Felician hakuwa na cheti. Alikuwa na miaka tisa. Alihamishiwa Nyahanga kutoka Ushirombo akiwa hana ndugu wala jirani anayemjua, mwalimu wa kuja, Msumbwa kati ya Wasukuma, akakuta vijana kumi na mmoja wanapiga mpira wa matambara kwenye malisho. Aliwatengeneza mmoja mmoja. Sasa akipita sokoni wauza mchele wanamwita "Kocha!" na wazee wanamsimamisha kuulizia goti la winga wa kulia. Wakimvua ukocha angebaki mwalimu wa kuja tu, na wazo hilo lilimuuma kuliko alivyopenda mkewe ajue. Mkewe alijua.

Basi wakakaa darasani, wajumbe wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Katibu, dada mmoja makini aitwaye Violeth, akasimama kusoma taarifa ya kocha.

"Kwa mara ya tatu mfululizo," alisoma, "wenyeji wetu walipaki basi mbele ya goli lao kwa dakika zote tisini, na vijana wetu wakakosa pa kupita."

"Ngoja hapo," alisema mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Ngassa. Uwanja wa Radi ulikuwa malisho ya ng'ombe wake kabla hajautoa, na kila msimu alichinja dume moja kwa ajili ya supu ya wachezaji. Aliipenda timu kama alivyopenda zizi lake, yaani bila kuingia sana katika mambo madogo madogo. Mechi za ugenini hakwenda, kwa sababu ya magoti. Mechi za nyumbani alikuja, akakaa kwenye kiti chake, akatazama zaidi watu wanaoegemea uzio wake. Televisheni aliiona kitu cha watu wasio na mifugo.

"Walipaki nini?" aliuliza.

"Basi, Mzee," alisema Violeth.

"Basi. Basi la abilia?"

Edson, kwa kuwa alikuwa na cheti, aliinua mkono. "Mzee, hapana, hiyo ni lugha tu ya..."

"Edson. Salawe ulikwenda?"

Hakwenda. Alikuwa kwenye harusi ya binamu yake.

"Hukwenda. Basi kaa. Namuuliza Mwalimu aliyekuwepo." Mzee Ngassa aligeuka na kiti chake chote. Macho yake hayakuwa na hasira, yalikuwa na uchungu wa mtu aliyeibiwa na ndiyo kwanza anaambiwa. "Mwalimu. Hilo basi, lilikuwa kubwa?"

Hapo ndipo mtu mzima mwenye akili zake angesema, Mzee, samahani, hakuna basi. Sentensi fupi, kiima na kiarifu, kitu ambacho watoto wa darasa lake walifundishwa kila siku. Alifungua mdomo kuisema. Kisha akaiona ajenda ya tatu ubaoni, mwandiko mzuri wa Violeth, na fulana mpya ya Edson.

"Kubwa tu, Mzee," alisema.

Mwulize hata leo, atakuambia hajui neno lile lilitoka wapi.

Na wengine je, mbona hawakusema? Wangesema nini! Mwaka uliopita mjumbe mmoja alithubutu kumsahihisha Mzee Ngassa kuhusu maana ya kuotea. Mzee hakugomba. Aliaga vizuri, akaenda nyumbani, na dume la supu likaenda naye, timu ikala dagaa msimu mzima. Kwa hiyo wajumbe walitazama madawati yao, wakasoma majina ya watoto yaliyochongwa pale kwa wembe, na ajenda ya tatu ikafa bila kujadiliwa. Unamfukuzaje kocha ambaye vijana wake wanacheza dhidi ya gari? Badala yake Mzee Ngassa alisimama, akashika fimbo yake, akatoa maneno ya barua ya malalamiko kwenda chama cha mpira, akitaka Radi wapewe pointi zote za Isaka, Tinde na Salawe. Violeth aliandika akiwa ameinamisha kichwa, mabega yanamtetemeka.

Jioni ile Felician alimsimulia mkewe. Lukresia alikuwa fundi cherehani, na siku hiyo alikuwa anashona sare za kwaya. Aliacha kukanyaga cherehani, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa tena.

"Baba Monika, utamwambia lini?"

"Nitamwambia."

"Nimeuliza lini."

"Tukishinda. Tukishinda nitakuwa na nguvu ya kusema."

"Mkishinda nyumbani?"

"Nyumbani tunashinda kila siku, Mama Monika. Ugenini."

"Basi hutamwambia," alisema Lukresia, akaendelea kushona.

Wiki mbili baadaye jibu la chama likaja, limepigwa muhuri. Lilisema kamati imepitia malalamiko kwa uzito unaostahili, na imeshindwa kuyathibitisha kwa kukosa namba ya usajili ya basi husika. Hata hivyo, kwa tahadhari, kuanzia sasa hakuna chombo cha moto kitakachoruhusiwa kusimama ndani ya mita ishirini kutoka golini. Nakala ilipelekwa kwa vilabu vyote vya ligi ya mkoa.

Vilabu vyote! Yaani ndani ya siku tatu hapakuwa na kijiwe kati ya Kahama na Shinyanga kisichokuwa na hadithi ya basi. Sokoni hawakumwita tena Kocha. "Mwalimu, leo umekuja kwa miguu? Basi wamelipaki wapi?" Darasani alipotoa swali la basi lililoondoka Kahama saa mbili asubuhi kwa mwendo wa kilomita sitini kwa saa, watoto arobaini na watano walijifunika nyuso kwa madaftari.

Hayo yote aliyameza. Kilichomshinda kumeza ni Mzee Ngassa. Mzee alipita mjini na barua ile mfukoni mwa koti, watu wakamsalimu wakitabasamu mpaka gego la mwisho, wakamuuliza habari za basi, naye akasimama kuwaeleza kwa kirefu. "Mwalimu," alimwambia Felician siku moja, ameshika mkono wake hauachii, "kumbe watu wengi wako pamoja na sisi. Kila ninapopita wanaulizia." Felician alisema, "Ndiyo, Mzee." Alirudi nyumbani hakula vizuri.

Mechi iliyofuata ya ugenini ilikuwa Mwakitolyo.

Ukitaka kujua kujilinda, nenda Mwakitolyo. Timu yao, Mwamba FC, ni wachimbaji wa dhahabu, watu wanaoshinda wiki nzima chini ya ardhi katika mashimo wanayoyaita maduara, wakishikilia kuta zisiwaangukie kwa magogo wanayoyaita matimba. Watu hao ukiwaambia simameni hapa kitu kisipite, umewaambia habari ya mapumziko. Msimu mzima walikuwa wamefungwa bao moja uwanjani kwao. Kiongozi wa ukuta alikuwa nahodha wao, Mwita, beki wa kati mwenye kifua cha mlango, mtu wa Tarime aliyefuata dhahabu miaka mingi iliyopita, akaikosa, akanunua gari.

Felician aliandaa mpango. Wiki tatu alichora kwa chaki ubaoni baada ya vipindi: mishale ya kupitia pembeni, duara la kumvuta Mwita atoke nje, krosi za chini. Mshambuliaji wake Adam, kijana mwepesi wa miguu na mzito wa kusikiliza, aliambiwa mara kumi na mbili asikae katikati. "Kaa kushoto, Adam. Mvute aje kwako." Adam alisema ndiyo mara kumi na mbili.

Alhamisi Mzee Ngassa akatangaza kwamba atasafiri na timu. "Magoti yatauma huko huko," alisema. "Hii barua lazima iende na mwenyewe."

Walifika Mwakitolyo saa nane mchana. Uwanja uko kati ya karasha, mashine za kusaga mawe, upande mmoja na maduara ya zamani upande mwingine, na vumbi la karasha limeupaka kila kitu weupe, mpaka majani ya miti. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Felician aliposhuka kwenye gari alielewa kwa nini.

Nyuma ya goli la upande wa maduara lilikuwa limeegeshwa basi. Basi kabisa, la matairi sita, lile linalobeba wachimbaji kwenda mnadani, limeoshwa likang'aa, na kwenye kioo cha mbele wamebandika karatasi: KARIBUNI RADI. Lilikuwa la Mwita. Mashabiki wa Mwamba walikuwa wamejaa juu yake na pembeni yake wakigonga mabati na kucheka.

Felician alimtazama Mzee Ngassa. Mzee alikuwa amesimama, ameegemea fimbo, analitazama basi kuanzia taa za mbele hadi ngazi ya nyuma. Alitikisa kichwa polepole.

"Mwalimu," alisema, "nisamehe. Usiku mwingine nilikuwa najiuliza, hivi kweli? Watu wazima? Nisamehe. Ni kubwa gete, kubwa kweli."

Felician alitamani moja ya yale maduara limfunukie pale pale.

Kipindi cha kwanza Radi walishambulia goli la upande wa karasha, ambako hakukuwa na basi wala baiskeli, na hawakupata kitu. Mwamba walirudi nyuma wote. Mwita alisimama katikati akipiga vichwa kila kilichokuja, akiimba. Krosi za chini zilipigwa juu. Adam hakukaa kushoto hata dakika moja. Wakati wa mapumziko Felician aliona nafasi, akamsogelea Mzee, akasema kwa sauti ya chini kwamba, Mzee ameona, upande ule haukuwa na basi na bado hatukufunga, kwa hiyo pengine...

"Vijana walikuwa wanalifikiria," alisema Mzee Ngassa. "Ukijua kuna nyoka chumba cha pili, unalala?"

Kipindi cha pili wakageukia upande wa basi. Dakika zikaenda. Hamsini. Sitini. Kona nane, zote zikatua kichwani kwa Mwita. Edson, pembeni ya benchi, alikuwa ameshaanza kuandika kitu kwenye daftari lake, na Felician alijua kinaandikwa nini. Suluhu nyingine, na safari hii na basi lenyewe likiwa limesimama pale linawacheka.

Dakika ya sabini na moja, Mzee Ngassa aliingia uwanjani.

Hakukimbia. Alitembea na fimbo yake na koti lake hadi kwa refa, mchezo ukasimama wenyewe kwa heshima, akatoa barua. Refa aliisoma mara mbili. Akautazama muhuri. Akahesabu hatua kutoka nguzo ya goli hadi taa za basi, akapata tisa. Mashabiki walipasuka kwa kicheko, lakini refa alikuwa mtumishi wa serikali siku za kazi, na muhuri ni muhuri.

"Ondoeni gari," alisema.

Liondolewe na nani? Lilikuwa na ufunguo mmoja, uko ndani ya soksi ya Mwita, na tabia zake alizijua Mwita peke yake: lisukumwe kwanza, gia ya pili, usiguse breki mpaka likohoe. Wenzake walimwambia mpe mtu mwingine ufunguo. Mwita aliwatazama kama wamemwambia ampe mtu mwingine mkewe. Akamwomba refa ruhusa, akatoka, akapanda. Kocha wa Mwamba akasema chezeni tu, dakika mbili bila Mwita tutaishi.

Refa akapuliza, mpira ukarushwa, na nyuma ya goli watu ishirini wakaanza kusukuma. Basi lilisogea. Likasogea tena. Kisha, kwa kuwa uwanja una mteremko na maduara yako upande huo huo, likaanza kwenda bila kusukumwa, nalo halijakohoa.

"Breki!" alipiga kelele kipa wa Mwamba, ameupa uwanja mgongo.

"Tia jiwe! Tia gogo!" walipiga kelele mabeki watatu, wachimbaji hawa, wanaojua kitu kinachoteremka kinavyoteremka. Mmoja alianza kukimbia kwenda kusaidia. Watu wote uwanjani waligeuza shingo kule. Benchi la Radi liligeuka. Felician alisimama juu ya ndoo ya maji apate kuona vizuri: gurudumu la mbele likielekea ukingo wa duara la kwanza, mtu akatupa gogo, gogo likasagika, mtu wa pili akatupa jiwe la karasha, basi likapanda jiwe, likayumba, likakohoa, likasimama. Mwita alitoa mkono dirishani kuonyesha kwamba yu hai. Felician alipiga makofi pamoja na watu wote, machozi yanamlengalenga kwa hofu, maana kama lingezama na mtu ndani angebeba nini maisha yake yote?

Alipogeuka, Adam alikuwa anakimbia kuelekea benchi, fulana kichwani.

"Nini?" aliuliza Felician.

"Bao, Kocha!"

Kumbe mpira wa kurusha ulimfikia Adam katikati, mahali alipokatazwa mara kumi na mbili kukaa. Aliutazama, akamtazama kipa aliyekuwa anatazama basi, akausukuma ndani taratibu, kama mtu anayerudisha kiti mahali pake. Refa aliliona, kazi yake ilikuwa kuona. Mzee Ngassa aliliona, kwa sababu mambo ya basi yeye alikuwa amekwisha kuyamaliza. Kocha wa Radi, aliyelisubiri bao lile miezi minne na kulichorea mishale kwa chaki boksi zima, hakuliona.

Moja bila. Ushindi wa kwanza ugenini. Njiani vijana waliimba jina la Mzee Ngassa mpaka Kahama, na Edson aliimba pia, akiwa amelifunga daftari lake.

Jumapili, baada ya misa, Lukresia alisimama mlangoni na mkoba wake, akasema maneno mawili tu. "Mmeshinda. Ugenini."

Felician akaenda.

Mzee Ngassa alikuwa zizini, anamkagua ndama kwato. "Mwangaluka, Mwalimu!"

"Mwangaluka, Mzee. Shikamoo."

"Malahaba. Kaa." Wakakaa juu ya gogo, Mzee bado ameshika mguu wa ndama. Mzee alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Felician alikuwa ameandaa hotuba, akaisahau, akaitoa yote kwa pumzi moja: kwamba Isaka hakukuwa na basi, Tinde hakukuwa na basi, Salawe hakukuwa na basi. Kwamba kupaki basi ni msemo wa mpira, maana yake wachezaji wamejaa golini. Kwamba alijua siku ile ile kikaoni, akasema kubwa tu kwa sababu aliogopa kufukuzwa.

Mzee Ngassa aliuachia mguu wa ndama.

"Lakini nimeliona," alisema.

"Lile la jana waliliweka kwa utani, Mzee. Walisikia habari ya barua yetu."

"Limeondolewa, tukafunga."

"Ndiyo, Mzee. Hata mimi sijui niseme nini."

Ndama alirudi, akaanza kulamba fimbo yake, naye hakumfukuza. Felician aliona uso ule ukifanya hesabu polepole, hatua kwa hatua, kama mwanafunzi mzuri asiyependa jibu analoliona linakuja.

"Wale watu wa mjini," alisema Mzee, "waliokuwa wananisimamisha. Wanaulizia basi. Na wale wa jana, waliokuwa wanagonga mabati." Alimgeukia. "Mwalimu, walikuwa wanamcheka nani?"

Felician alikuwa tayari kwa kila kitu, kufukuzwa, kutukanwa, kunyimwa dume la supu. Kwa swali hilo hakuwa tayari. Jibu lilikuwa neno moja, na lilikuwa limekaa mbele yake na koti lake, na mikono yake mikubwa imeshika fimbo, na miaka yake sabini na kitu ya kuheshimiwa. Alihisi aibu ikimpanda hadi masikioni. Hakuweza. Alitaka tu mzee asiulize tena.

"Basi, Mzee," alisema. "Basi."

Mzee Ngassa alimtazama muda mrefu, mrefu kuliko inavyohitajika kusikia neno fupi kama hilo. Kisha mikunjo ya uso wake ikalegea mmoja mmoja, akapiga goti lake.

"Gete!" alisema. "Walikuwa wanalicheka basi! Hata mimi ningelicheka. Basi zima, lisishike bleki!" Akacheka, akakohoa, akainuka kwa kusaidiwa na fimbo. "Wabeja, Mwalimu, asante kwa kuja kunieleza. Sasa sikiliza. Jumamosi ni Ushetu. Huko wana matlekta ya tumbaku. Tangulia siku moja ukaangalie."

"Sawa, Mzee," alisema Felician.

Alirudi nyumbani na kibuyu cha maziwa ya mgando alichopewa ampelekee Mama Monika. Lukresia alikipokea, akakinusa, akakiweka mezani, akamkazia macho mumewe.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia yote."

"Akasemaje?"

"Amenipa maziwa."

Lukresia aliivua miwani yake. "Baba Monika. Mwishoni kabisa, kabla hujapewa maziwa, ulimwambia nini?"

Felician alitafuta kikombe kabatini, akakifuta ingawa kilikuwa safi.

"Neno moja tu," alisema.